Mgongo wa Dokta

Mimi hapa hakuna jambo la kunishangaza. Nalisema mapema ili tusipotezeane muda. Simba amelala katikati ya lami pale Mikumi, basi zima limesimama, watu wamebanana madirishani wanamtazama, mimi nikapita upande ambao simba hayupo nawauzia mayai ya kuchemsha. Mtu aliyeshangaa hakumbuki chenji. Nimesoma mpaka darasa la nne. La tano nililisikia kwa majirani. Ilipokuja ruksa ya biashara, wenye vyeti walikuwa bado wanaulizana ruksa maana yake nini, mimi nilishafungua robota la mitumba. Sasa nina malori ya kubebea miwa ya wakulima wa Kidodi, nina duka la vitambaa, nina nyumba ya wageni yenye vyoo vya ndani.

Kwa hiyo dereva wangu aliponiletea habari kwamba Dokta amelala nyumbani kwake Masanze, hali mbaya, hataki kwenda hospitali, na gari lililotumwa kumchukua amelirudisha tupu, sikushangaa. Aliyemtuma dereva ni binti mmoja aliyekuwa mwanafunzi wa Dokta, siku hizi naye ni daktari kamili. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: asipotibiwa sasa hivi atakufa, na sisi wote ametukatalia. Nilisema niachieni mimi. Yule ni mtani wangu.

Lakini huwezi kuelewa ya Masanze kama humjui Dokta.

Alikuwa tabibu wa hospitali moja ya Kilosa, na juu ya hapo alikuwa mwalimu. Wanafunzi wa udaktari walikuwa wanaletwa kwake kwa makundi wajifunze kwa wagonjwa wa kweli, maana wagonjwa wa kwenye vitabu, alikuwa anasema, hawana mama mkwe. Mwembamba, koti jeupe limefuliwa mpaka limekuwa laini kama kanga ya mzazi, na baiskeli ambayo kengele yake ilikuwa inalia yenyewe kwenye mashimo. Kile kipimo cha masikioni alikipasha joto kwapani kabla ya kumgusa nacho mtu. Wanafunzi walicheka. Wagonjwa hawakucheka.

Hakuwa na haraka ya kumwuliza mtu anaumwa nini. Ataanza na salamu, shikamoo na marahaba mahali pake, halafu shamba, halafu mvua, halafu yule kijana wako aliyekwenda Morogoro ameshapata kazi? Mwanafunzi pembeni anatazama saa. Alipokuja bibi mzee, Dokta aliacha kiti, akakalia kigoda alichokileta kutoka kwake, ili bibi amtazame kwa chini. Bibi hatoi siri huku anatazama juu, ndivyo alivyosema. Na alipokuja mama kijana wa wale wafugaji walioingia na ng'ombe zao, mtoto mgongoni, hajibu swali hata moja, mwanafunzi alianza kumgombeza kwamba anamficha mtoto ugonjwa. Dokta akatoka nje kumtafuta bibi wa mtoto, aliyekuwa amekaa ukutani na fimbo yake, akamwamkia, akamweleza dawa zote yeye. Kisha akamwambia mwanafunzi kwamba dawa ukimkabidhi asiye na sauti nyumbani, umeimwaga.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: mgonjwa hasemi uongo, anapita mlango wa uani. Mama anayeumwa kichwa kila mume akirudi safari, usimpe aspirini ukadhani umemaliza. Na mwanamume akisema mgongo, alikuwa anawaambia, mtoeni kwanza mwanamke chumbani, halafu ulizeni upya.

Hilo la mgongo nalijua vizuri. Lilianzia kwangu.

Nilikwenda kwake mara ya kwanza na mgongo. Sasa fikiri, mtu wa Mikumi anakwenda Kilosa kwa ajili ya mgongo, kwenye barabara ile ya vumbi ambayo kama mgongo hukuwa nao unaupata njiani. Chumbani nilimkuta Dokta amekaa pembeni, na mezani yuko huyo huyo binti niliyemtaja, wakati huo mwanafunzi, mtoto wa mjini, mpole, kalamu mkononi. Akaniuliza naumwa nini, nikasema mgongo. Akauliza tangu lini, nikasema zamani. Akauliza sehemu gani, nikamwonyesha chini, yaani ni mgongo, lakini chini. Akaandika mgongo, akaandika na dawa ya kuchua.

Dokta akachukua cheti, akasoma jina la baba yangu, akauliza kama si la Unyamwezini. Nikamwambia ndiyo, mzee alikuja kukata katani Kimamba na hakurudi tena. Nami kwenye foleni nilishasikia mtu akisema huyu Dokta ni Mzaramo, na kweli alikuwa na ile sauti ya watu wa nazi, maneno yanateleza. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani hata akikuzidi umri humwamkii. Unamtukana, anakutukana, mnacheka, na atakayeingilia kati ndiye anayeonekana hana adabu. Roho ikatulia, nikamrushia.

"Kumbe Mzaramo. Ngoma zimeisha kwenu ndiyo umekuja huku kuvaa koti?"

Alinitazama. Nakumbuka alinitazama kitambo, kama mtu aliyeokota ufunguo anajiuliza ni wa mlango gani. Kisha akamwambia binti, "Mwanangu, hebu kaniletee maji ya kunywa. Usikimbie." Mlango ulipofungwa akasogeza kiti.

"Mpagazi," akasema, "Mikumi dawa ya kuchua inauzwa mpaka kwenye duka la chumvi. Mzigo gani umekushinda mpaka ukaja huku?"

"Mnyamwezi hashindwi na mzigo."

"Basi mzigo upo, ni wewe usiyesimama."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na katikati ya kicheko nikajikuta nimeshasema. Yote. Kwamba mama watoto ameanza kuniuliza kwa upole, na upole wa mwanamke yule ni jambo la kutisha. Kwamba nimekunywa mizizi ya kila mganga toka Zombo mpaka Kidodi. Dokta hakucheka tena. Aliuliza kama nina kiu sana, kama naamka kukojoa, kama vidole vya miguu vinakufa ganzi. Akanipima mkojo. Ilikuwa sukari, ugonjwa ambao ungenila miguu kimya kimya huku nimekaa najichua mgongo.

Binti aliporudi na maji, Dokta alimwambia mbele yangu, tena kwa utaratibu, kwamba hajakosea neno hata moja. Andika alichosema mtu, halafu tafuta alichomaanisha. Binti akataka kukata neno mgongo kwenye cheti. Dokta akamshika mkono. Cheti hiki, akamwambia, kitapita kwa karani, kitapita kwa mtoa dawa, kitakaa mfukoni kwenye gari lililojaa majirani zake. Chini andika sukari, haina aibu. Juu acha mgongo. Sisi tunajua.

Tangu siku ile nikawa mtani wake wa kudumu. Nikienda Kilosa kuchukua dawa napiga kelele toka getini kwamba Mzaramo amelala tena, leteni ngoma aamke, naye anajibu dirishani kwamba wapagazi wapite mlango wa nyuma na mizigo yao. Nilimpelekea karanga, akanipelekea matusi. Mimi ni mtu nisiyeamrishwa, uliza yeyote Mikumi, lakini yule bwana alinikataza soda nikaacha, kwa sababu alisema Mnyamwezi akifa kwa soda watani hawatazika, watacheka tu.

Utani aliutumia kama wenzake wanavyotumia sindano. Nilimwona na bibi mmoja wa Kihehe aliyekataa katakata vidonge vya presha. Wahehe na Wangoni nao ni watani; bibi akamwambia, wewe Mngoni, panya wote wa Songea mmewamaliza, sasa mmekuja kunimaliza na mimi? Dokta akamjibu kwamba Wahehe mlimzuia Mjerumani, leo mnakimbia kidonge? Bibi akakinyakua, akakimeza bila maji ili kumkomoa. Mimi nikawaza macho ya bibi yule yamekwisha, anamwita Mzaramo Mngoni. Sikuwaza zaidi. Siku ile nilikuwa na lori linashusha.

Sasa kuna kijana mmoja, mwanafunzi, aliona mambo haya akadhani ndiyo udaktari wenyewe. Akamwendea mzee wa Kikaguru aliyelazwa na kidonda cha mguu, akamwambia mbele ya wodi nzima kwamba naona hata kaburi limekukataa. Kijana hana utani na Wakaguru, hana utani na mtu yeyote wa upande huu. Yule mzee alivaa kanzu yake, akachukua fimbo, akaondoka na kidonda chake kwa miguu mpaka alipopata wa kumpakia, hadi kwao Zombo. Dokta hakumpigia kelele kijana. Alimwuliza tu kama anajua kuendesha baiskeli. Kesho yake walikwenda wote Zombo, jogoo amefungwa kwenye keria, na kijana akakaa chini mlangoni kwa yule mzee jua limwone, mpaka mzee akasema mpeni maji mtoto wa watu. Kidonda kilirudi wodini na mwenyewe. Njiani, kijana alitusimulia, Dokta alimwambia neno moja: utani ni leseni, na wewe hiyo leseni huna.

Msidhani nasimulia habari za malaika. Aliyewafundisha wenzake kusikiliza, nyumbani kwake hakumwacha dada yake mkubwa amalize sentensi. Mimi alininyima soda, na chai yake aliitia sukari mpaka kijiko kinasimama. Na alikuwa mbishi. Serikali iliporuhusu watu binafsi kufungua zahanati, nani alikuwa wa kwanza kumfuata? Nilikuwa na kiwanja kando ya lami, nilikuwa na matofali. Nikamwambia Dokta, wewe koti, mimi mtaji, watu sasa wana hela. Akasema mtu akilipa anataka sindano, na mimi dawa yangu nusu ni maneno, maneno utayatoza bei gani? Nikamwambia hilo niachie mimi, bei ni kazi yangu. Akacheka, akakataa. Kiwanja kile sasa kina baa na kinaniingizia vizuri, kwa hiyo sina kinyongo.

Alistaafu akahamia Masanze, akalima mahindi na mbaazi pamoja na yule dada yake, mjane. Ndiko nilikokwenda siku ile na gari, mimi mwenyewe usukani, na kwenye kiti cha nyuma jora la bafta nyeupe nililolitoa dukani. Njiani nilikuwa najicheka. Binti na wenzake wamempelekea maneno ya vitabuni; mimi nakwenda kumpelekea sanda. Mtani akiwa mgonjwa mbishi, unamwambia watu wa mazishi wamefika, wanataka kumaliza mapema wale pilau warudi. Hakuna Mzaramo atakayestahimili hilo bila kuinuka.

Binti nilimkuta uwanjani, ameegemea gari la hospitali, macho mekundu. Akanieleza: Dokta anasema ni mgongo tu. Amechuliwa na mafuta ya kila aina. Hataki kuguswa na daktari, hataki kula, na hata chai ameikataa. Nikamwambia binti, tazama kazi.

Sikupiga hodi. Niliingia na bafta begani, nikaitupa kitandani juu ya miguu yake, nikatoa kamba nikaanza kumpima toka kichwani. Nikasema kwa sauti ya juu kwamba Mzaramo mmoja amepungua duniani na ngoma hazitakosa mchezaji, nikasema akunje miguu, kaburi refu ni gharama.

Dada yake aliingia na mwiko wa ugali mkononi.

"Wewe baba ni nani," akasema, "unamtukana mgonjwa ndani ya nyumba yake?"

"Mama, shikamoo. Usiwe na wasiwasi, mimi ni mtani wake. Mnyamwezi. Ninyi Wazaramo mnanijua."

"Wazaramo wapi? Sisi Wamwera wa Nachingwea."

Nikamtazama Dokta. Dokta akafumba macho.

Mnyamwezi na Mmwera hawana utani, hawana hata jembe la kuazimana. Nikaikunja kamba. Mzee wa watu huyu, sawa na baba yangu, miaka yote hiyo namwita mlala ngoma mbele za watu, sijamwamkia hata siku moja.

"Dokta, wewe si Mzaramo?"

"Ulisema wewe," akajibu, macho bado yamefungwa. "Mimi niliitika."

"Na yule bibi wa Kihehe?"

"Yeye alisema Mngoni."

"Ukaitika."

"Alikuwa na presha."

Dada yake alianza kusema kwamba toka utoto yeye hajawahi, Dokta akamkatiza. Mimi nilikuwa nimesimama pale kama basi la Mikumi limemwona simba. Matusi yalikuwa yamejaa mdomoni, ya kutosha kumwinua maiti, na sikuwa na ruhusa ya kutumia hata moja. Basi, kwa kuwa sikuwa na la kusema, nikatazama. Kikombe cha chai kimefunikwa na kisahani, hakijaguswa. Mtu yule kukataa chai. Na mkono wake. Analalamika mgongo, lakini mkono ameukandamiza chini ya kitovu, na jasho linamtoka.

Nikamwambia dada yake, "Mama, hebu tuletee maji ya kunywa. Usikimbie."

Dokta akafumbua macho.

Nikatoa bafta miguuni pake. Nikavua kofia, nikachuchumaa kando ya kitanda mpaka uso wangu ukawa chini ya wake.

"Shikamoo, mzee."

Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu."

"Mgongo huu umetoka wapi?"

Akageukia ukuta. Nikangoja. Mimi si mtu wa kungoja, lakini nilingoja. Aliposema, aliuambia ukuta. Mkojo umeziba. Ulianza kwa shida toka masika, sasa hautoki kabisa. Anajua ni nini, anajua dawa yake ni kutiwa mpira wa mkojo, anajua na atakayemtia.

"Yule mtoto nje," akasema, "nilimfundisha mimi jinsi ya kushika kalamu. Sasa anivue nguo?"

Nilitoka nje. Sikumweleza binti mengi. Nilimwambia tu kwamba yule mzee ana mgongo kama ule wangu, uliotoka Mikumi. Alinikazia macho, halafu akaweka mkono mdomoni. Akaenda mpaka mlangoni, hakuingia, akasimama nyuma ya pazia.

"Mwalimu, shikamoo," akasema. "Zamu ya leo wodi ya wanaume yuko yule muuguzi wako wa zamani, mwenye mvi. Atakuhudumia yeye peke yake. Mimi nitakaa nje ya mlango. Na kwenye cheti nitaandika mgongo."

Halafu tukasikia kitanda kinalia, na sauti ya Dokta ikimwambia dada yake aache kusimama na maji, amtafutie viatu.

Nilimbeba mimi mwenyewe mpaka kwenye gari langu, na alikuwa mwepesi, kazi hiyo tumerithi. Hospitali walimtia mpira, baadaye akapelekwa Morogoro akapasuliwa, akarudi mzima. Wodini siku zile ulikuwa unakwenda na shuka zako. Dada yake aliikata ile bafta katikati, akaipinda pembe, akamtandikia. Kwa hiyo sanda yangu aliilalia kweli, ila alikuwa anapumua.

Alipopona nilikwenda kumwona kibarazani kwake, mbaazi zimeanikwa, kikombe cha chai pembeni na kijiko kimesimama. Nilimwamkia nikiwa bado mbali. Akaitikia, akaniambia nirudie, kwa sababu zile za nyuma zote sijazitoa. Nikarudia. Akaniambia tena. Dada yake akacheka mpaka akakaa chini. Kisha Dokta akakunja uso, akasema kuna shauri: mtu akimtukana mzee asiye mtani wake, mila inamtoza.

"Na wewe umenitukana," nikamwambia. "Leseni yako iko wapi?"

"Mimi nilikuwa natibu."

Mimi ninayepunguziwa bei hata na walioandika bei, nilikwenda kwa wafugaji nikanunua mbuzi kwa bei waliyoitaja, nikamleta nimemshika kamba ile ile niliyompimia kaburi. Tulimla pale pale, na binti daktari alikuja akala, akakaa upande ule tuliokaa sisi wanaume. Nikijumlisha yule mbuzi, na bafta, na petroli ya kutoka Mikumi mpaka Masanze mpaka Kilosa, kujua kwamba sikuwahi kuwa na mtani kulinigharimu shilingi elfu thelathini na moja na mia tano.